Senta "hakuonekana"? Ripota wenu alikuwa akitazama wapi?

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa shule, na sijapata kukuandikia hata mstari mmoja. Ripoti ya Jumatatu ile kuhusu mechi ya vikapu pale Makande, Mombasa, ndiyo imenikalisha mezani. Mlimsifu mlinzi, yule mwenye kuongoza mpira, aliyefunga pointi 23, naye alistahili. Halafu mkaandika kwamba senta wetu, mchezaji wa chini ya kikapu, "hakuonekana, akamaliza na pointi nne tu".

Mimi nilimwona. Nilikaa safu ya pili, upande wa meza ya makarani, daftari mapajani, kama ninavyofanya kila mechi tangu nistaafu. Miaka 31 nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini, na mkono uliozoea kuhesabu haukai bure. Huyo ambaye hakuonekana alidaka ribaundi 17, yaani mipira iliyotupwa ikakosa kikapu, sita kati yake chini ya kikapu cha wapinzani, na akapiga bloku nne, yaani alizima hewani mitupo minne ya wapinzani. Nasema mapema kwamba ni mtoto wa dadangu, ili asije mtu akadhani nimeficha. Lakini ningemwandikia vivyo hivyo mtoto wa mtu nisiyemjua, na senta wa timu pinzani naye yumo daftarini kwa haki yake: ribaundi tisa.

Najua mlikozitoa namba zenu. Karatasi rasmi ya FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huu, inayojazwa pale mezani ina nafasi ya pointi, ya madhambi na ya taimu auti. Ribaundi haimo. Bloku haimo. Mechi ikiisha ripota anaipiga picha kwa simu, anaondoka, na kesho yake mtu aliyefanya kazi dakika 36 anakuwa hakuonekana. Karatasi ile imewekwa ili matokeo yasibishaniwe, haikuwekwa kueleza nani alicheza vipi. Kwa kueleza tumemwajiri ripota.

Bill Russell, senta wa Boston Celtics katika NBA, ligi kuu ya Marekani, alitwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13. Wastani wake wa pointi ulikuwa 15 tu, lakini ribaundi zilikuwa 22 na ushei kila mechi. Bloku zake? Hakuna ajuaye, kwa sababu NBA ilianza kuziandika msimu wa 1973-74 na yeye alikuwa amestaafu tangu 1969. Waliomwona wanasimulia kwamba hakuupiga mpira ukatoka nje, aliugusa ukamfikia mwenzake, na wao wakaanza kukimbia. Jambo kubwa kiasi hicho halikupata hata safu moja kwenye karatasi. Ben Wallace hakuchaguliwa na timu yoyote siku ya kusajiliwa wachezaji wapya, wastani wake wa maisha haukufika pointi sita, na bado alikuwa mchezaji bora wa ulinzi wa NBA mara nne na bingwa na Detroit mwaka 2004. Na katika orodha ya bloku za NBA tangu zianze kuhesabiwa, wawili wa juu kabisa ni wana wa Afrika: Hakeem Olajuwon wa Lagos, 3,830, na marehemu Dikembe Mutombo wa Kinshasa, 3,289. Kama wangelelewa na magazeti yetu, sijui nani angewajua.

Sasa nikueleze ripoti ile imefanya nini. Kuna chuo kimoja, sitakitaja, kilichokuwa kimeonyesha nia ya kumchukua kijana na kumlipia karo. Mama yake anauza mahamri na viazi karai alfajiri, na karo hiyo ilikuwa ni kuchukuliwa mzigo kichwani. Jumatatu jioni nilimkuta kijana barazani, mkono wa kushoto umefungwa plasta kwa sababu ukucha wa kidole cha kati ulipasuka akigombea mpira robo ya tatu, simu iko mkono wa kulia. Akanipa. "Mjomba, hebu soma hapa." Yule afisa wa chuo alikuwa ametuma picha ya ripoti yenu na maneno mawili chini yake: "Pointi nne?" Siku ya pili nilivaa kanzu safi nikaenda mwenyewe na daftari. Nilimfungulia ukurasa. Nilimwonyesha dakika mbili za mwisho, timu yetu ikiongoza kwa pointi tatu: mlinzi wao aliingia ndani kwa kasi, akamwona kijana amesimama chini ya kikapu mikono juu, akageuka, akatoka nje na mpira, akaupasisha, ukarudi kwake, sekunde 24 za kushambulia zikaisha bila hata kutupa. Kijana hakugusa mpira wala mtu. Niliandika "amezuia" pembeni kwa sababu sikuwa na neno jingine. Afisa alisikiliza kwa adabu, siwezi kumsingizia, kisha akaniambia, "Mzee, haya ni maandishi yako wewe. Gazeti linasema pointi nne." Nikarudi na daftari langu kwapani. Dadangu hakuniuliza kitu, aliniona usoni. Hayo ndiyo maneno mliyoandika kwa sekunde tano, Mhariri, na nyumba nzima ililala nayo.

Sisemi muanze kuchapisha ribaundi ovyo ovyo na kumwita mwenye nyingi bingwa. Hapo pia watu hupotoka. Wilt Chamberlain, senta wa Philadelphia, alidaka 55 katika mechi moja dhidi ya Boston ya Russell mwaka 1960, na Boston ikashinda bado. Enzi hizo timu zilikuwa zikitupa mno na kukosa mno, mipira ya kudaka ilikuwa tele. Cha kuuliza ni hiki: mtu alipokuwa kiwanjani, mitupo mingapi ilikosa, na yeye alipata sehemu gani ya hiyo? Kumi kati ya 40 ni kazi kubwa kuliko 12 kati ya 70. Tena kuna boksi auti, kumzuia mpinzani kwa mgongo asiufikie mpira. Msimu wa 2016-17 Russell Westbrook, mlinzi, alipata wastani wa ribaundi 10.7 kule Oklahoma City, na nyingi zilimwangukia kwa sababu senta mwenzake, Steven Adams, alikuwa amemkalia mpinzani kwa mgongo asisogee. Westbrook aliandikwa, mgongo wa Adams haukuandikwa. Kwa hivyo mwenye kuhesabu lazima amtazame asiyekuwa na mpira, na hilo linataka mtu aliyekaa kwa makini, asiyeangalia simu.

Na kwa kuwa nimeanza, niseme na hili. Ringi, chuma cha kikapu, ya kiwanja cha mtaani kwetu imepinda mbele, inaelekea chini, mwaka wa pili huu. Mpira ukigonga pale hurudi mbele, palepale, kila siku. Watoto wamezoea kusimama mbele na kungoja. Wakienda kwenye ringi iliyonyooka, mtupo wa pembeni ukikosa huangukia mara nyingi upande wa pili, na wao hawapo. Mpwa wangu ilinibidi nimfundishe kwa kumshika mabega na kumsogeza. Barua tatu tumepeleka kwa ofisi inayohusika. Fundi wa kuchomelea angeimaliza nusu saa kabla ya adhuhuri.

Dawa ya ripoti zenu ninayo. Nunueni daftari la kurasa 96. Waketisheni wanafunzi wawili wa sekondari, mmoja kila upande wa uwanja, kila mmoja na kalamu ya rangi yake. Safu ziwe tano: ribaundi za kwetu, za kwao, bloku, boksi auti, na mitupo yote iliyokosa wakati senta yumo kiwanjani. Robo ikiisha walinganishe, wakitofautiana waandike namba ndogo. Saa tatu usiku wawatumieni picha ya ukurasa, nanyi mchape mstari mmoja tu chini ya wafungaji. Daftari la kwanza nitalinunua mimi, na wanafunzi nitawapa nauli na soda mpaka msimu uishe.

Na lile neno "hakuonekana" mlisahihishe, ukurasa uleule, herufi zilezile. Afisa wa chuo bado hajamjibu kijana la mwisho.

Mechi ijayo ni Jumamosi saa kumi. Nitakuwa safu ya pili, na kiti cha kando yangu nitamwekea ripota wako.

Karani mstaafu,
Changamwe, Mombasa