Wajane wa mwaloni wanahitaji chanja kuliko mche wa sabuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumze na wasamaria wema, yakiwamo mashirika, vikundi vya makanisani na misikitini, pamoja na ndugu zetu walioko ughaibuni, ambao hufika katika mialo, yaani fukwe za Ziwa Victoria ambako mitumbwi ya uvuvi hutia nanga, ya Ilemela, Magu, Sengerema na Ukerewe kuwasaidia wajane, wazee na familia maskini. Sina nia ya kuwavunja moyo. Hoja yangu ni kwamba misaada mingi hutolewa bila mtoaji kuitazama kazi ambayo mhitaji tayari anaifanya, kwa hiyo huisha ndani ya wiki moja na kumwacha palepale alipokuwa.

Mtazame mama anayeanika dagaa. Wakati wa giza, yaani siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, mitumbwi hukesha ziwani na taa zake, na inaporudi alfajiri yeye hununua ndoo kadhaa, mara nyingi kwa fedha za kukopa, kisha huwamwaga dagaa mchangani na kuwatandaza. Jua likiwaka vizuri, jioni huzoa mzigo uliokauka, ingawa amezoa na mchanga. Mvua ikimkuta, na wakati wa masika humkuta mara kwa mara, dagaa hao huanza kuoza na kutoa harufu, akalazimika kuwauza kwa bei ya kutupa ili wakasagwe kuwa chakula cha kuku, huku deni la ndoo likibaki vilevile.

Jirani yake mwenye chanja, yaani wavu uliotandazwa juu ya nguzo za miti, ana hali tofauti kabisa. Dagaa wake hupata hewa juu na chini, hukauka mapema, hawashiki mchanga, na wingu likitanda huwafunika kwa turubai. Wanunuzi wa soko la Mwaloni Kirumba, ambako mizigo hupakiwa hadi kwenda Kongo, huwafikicha dagaa kiganjani kabla ya kutaja bei, na chembe za mchanga zikionekana bei hushuka hapohapo. Akina mama hao wawili hawazidiani bidii hata kidogo.

Sasa ifikirie siku ya msaada. Akina mama huitwa tangu asubuhi, pengine siku ambayo jua ni kali na dagaa wako mchangani bila mtu wa kuwageuza, hupangwa mstari mbele ya bango, kila mmoja hukabidhiwa sukari, mche wa sabuni na kanga, kisha hupigwa picha akiwa ameshika alichopewa. (Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sijapata kumwona mama akiulizwa kama anaridhia picha hiyo isambazwe.) Mgonjwa na mzee asiyejiweza wapewe chakula, hilo halina ubishi. Huyu mwenye nguvu na kazi mkononi ndiye tunayemkosea.

Wala si kwamba hatujui kutoa kwa namna inayodumu. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara mnamo Septemba 20, 2018, Watanzania walichangia rambirambi kutoka kila pembe ya nchi, na sehemu ya fedha hizo ikaelekezwa kujenga wodi katika kituo cha afya cha Bwisya kisiwani humo.

Ipo pia mikopo isiyo na riba ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 na baadaye ikarejeshwa, na katika hiyo asilimia nne ni ya wanawake. Mjane asiyejua kusoma, asiye na kikundi wala akaunti ya benki, ataisikia redioni tu. Shirika likimpa mtu wa kumsaidia kuunda kikundi, kuandika katiba yake na kufuatilia usajili, litakuwa limempa mtaji mkubwa kuliko ule ambao lingeweza kuutoa mfukoni mwake.

Chanja nazo zina masharti yake. Mama asiye na eneo la kuzisimika atazisimika kwa mwenye kiwanja na kutozwa kodi, au ataondolewa siku mwenye eneo akilitaka. Kwa hiyo wafadhili wazungumze kwanza na serikali ya kijiji au mtaa, pamoja na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ili eneo la kuanikia litengwe kwa maandishi. Waje wakati wa giza, kazi inapokuwa imepamba moto, wakae na akina mama hao mchangani na kuwasikiliza. Baada ya masika moja warudi kuona ni chanja zipi bado zinatumika na zipi zimeuzwa, na wale waliouza waulizwe sababu kabla hawajalaumiwa.

Msomaji wako,
Kayenze, Ilemela,
Mwanza.