"Familia Takatifu iko ukutani tu"

Shikamoo mama, Tumsifu Yesu Kristo.

Ni saa tisa usiku na sijalala. Usiniambie nisali nipate usingizi, nimeshasali. Ni lile neno. Mzee wetu wa jumuiya, yaani sisi familia jirani za Kikatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba kwa zamu, mtu ninayemheshimu, aliitazama picha ya Yesu, Maria na Yosefu iliyo juu ya runinga yangu wakati watu wanakunywa chai, akasema: "Mama, kwako Familia Takatifu iko ukutani tu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kosa lenyewe? Mkubwa alitoka chumbani na simu sikioni, somo linasomwa. Na baba yao hakuwepo. Basi. Jumuiya inasali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Dereva wa daladala saa hizo yuko barabarani, na asipofikisha hesabu ya tajiri hakuna zaka ya kuandika kwenye hiyo kadi wanayoikagua.

Wala si kwamba hatusali. Rozari ni saa tatu usiku, wakishaosha vyombo. Makumi matano ya Salamu Maria, kila kumi na tendo lake la kutafakari, litania na Salamu Malkia ni dakika 25 mkienda vizuri. Hatuendi vizuri. Tendo la kwanza wote wamepiga magoti. La pili, mdogo wa miaka minne kaegemea kochi. La tatu kalala, na sauti zimeanza kupishana: anayeongoza hajamaliza "mzao wa tumbo lako", wenzake wako "saa ya kufa kwetu". Hapo ndipo kicheko kinapoanzia. Jumanne, matendo ya uchungu, tendo la Yesu kupigwa mijeledi, nilimchapa wa kati kandambili katikati ya "umejaa neema" na sala sikuiacha. Sasa rehema kamili ya rozari ya familia, ile ya kufutiwa adhabu zote za dhambi, inataka makumi matano mfululizo. Pale nilikatisha au sikukatisha? Nafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, mama, haya mambo nayajua.

Nimewaza tubakize tendo moja kwa siku, dakika tano, saa moja na nusu jioni kabla ugali haujasongwa, mdogo akiwa macho. Najua si dhambi. Rozari hakuna aliyeamriwa. Watoto wenyewe wangefurahi. Lakini nikipunguza si nitakuwa nimemkubalia yule mzee? Ukutani tu.

Kila tukilalamika tunaletewa Louis na Zélie Martin, wazazi wa Teresa wa Mtoto Yesu, waliotangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Sawa. Misa kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri. Walikuwa na msichana wa kazi, hilo mahubirini halisemwi. Na Léonie wao alirudishwa nyumbani kutoka shule ya masista kwa kutoshikika, lakini sijasikia kama Zélie aliambiwa lolote mbele ya watu wanaokunywa chai yake. Hata Bikira Maria alimuuliza wake, "Mwanangu, mbona umetutenda hivi?" Wa miaka 12, umri uleule wa huyu wangu wa kandambili. Angalau yeye alipatikana hekaluni.

Baba yao simteti. Saa kumi alfajiri, kabla hajatoka, anapita kitandani kwa watoto na kuwachora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, mmoja mmoja. Anadhani nimelala. Mdogo hujipangusa usingizini, naye anamrudia. Kidole kinanuka dizeli. Hiyo si sala ya familia, najua, ni ya mtu mmoja, wenzake wanakoroma. Siku nyingine namsubiri kwa hasira, kwamba kwa nini rozari imemshinda, halafu akipita nanyamaza.

Nimefikiria pia kumrudishia paroko darasa la komunyo, maana nitawaambiaje watoto wa watu kuhusu familia kuwa Kanisa la nyumbani? Sitaki kuliacha. Usinishauri niliache.

Ninachotaka ni huyo mzee aniombe radhi. Au hapana, asiombe, atafanya watu wakumbuke. Niambie tu kama tendo moja linatosha, na kama ni lazima nimweleze kwa nini.

Jibu kabla ya Jumamosi. Zamu ilikuwa ya jirani, amefiwa, imerudi kwangu. Picha bado iko palepale, na mkubwa ameniuliza kama ahamie kwa shangazi yake siku hiyo. Nimemwambia nitafikiria.

Mama wa watatu, Dar es Salaam