Mathe na mzee bado wanagombana juu ya Moi

Sasa beste,

Usikasirike nimenyamaza hivi, simu yangu iliingia maji na namba yako ya Doha ikaenda nayo, nimeipata juzi tu kwa dadako. Huku tuko sawa, tunasukuma tu.

Wacha nikuambie yaliyotokea kwa mathe tarehe 10 Oktoba. Nilikuwa nimeenda kuwaona Maringo, huko kwetu Nairobi, si ilikuwa holidei, na kale kasichana kangu ka mwisho kakauliza, babu, leo tumefungiwa shule kwa nini. Bro wangu akakaambia ni siku ya Mazingira, watu wanapanda miti. Mathe akaropoka kutoka jikoni, hiyo ni Moi Day, hao wanabadilisha jina tu. Na kweli wamebadilisha mpaka wamechoka, katiba ya 2010 iliitoa, korti ikairudisha 2017, ikaja ikaitwa Utamaduni, sasa imekuwa ya miti. Mzee akakohoa. Wewe unajua vile huyo mzee hukohoa. Nikajua hiyo chai haitanyweka kwa amani.

Kakauliza tena, Moi ni nani. Sasa hapo ndio nyumba iligawanyika. Mathe akaanza na maziwa ya Nyayo, si unakumbuka zile paketi za pembetatu, vile tulikuwa tunang'ata ile ncha tunafyonza, halafu tunapuliza paketi inajaa hewa tunaikanyaga kando ya choo, poo! mpaka mwalimu anatoka na kiboko. Wewe hata ulikuwa unanunua yangu kwa gololi. Mathe akasema huyu babako hapa alikuwa anakunywa chai ya rangi nyumbani, maziwa alikuwa anayaonea shuleni, na ni Moi alileta. Mzee akajibu bila hata kuinua macho, ng'ombe zilikuwa za wakulima na pesa ilikuwa ya kodi yangu, yeye alileta nini?

Beste, hao watu wana zaidi ya miaka sabini kila mmoja na huyo Moi alitoka urais 2002. Wewe fikiria.

Lakini nilipokuwa narudi kwangu na matatu nikawa nafikiria hiyo maneno yote nikaona haikuwa maziwa. Ni ile ya kampuni. Unakumbuka mzee alikuwa anafanya kwa kile kiwanda cha nguo Indaa, pale Industrial Area, kwa mitambo ya kufuma, alfajiri anavuka Jogoo Road, anapitia Makongeni, anaruka reli, wamejaa wengi hivyo kama siafu, na jioni akirudi ana pamba kwa nyusi. Kweli, pamba ilikuwa inamfuata mpaka nyumbani, mathe alikuwa anampangusa na kitambaa akiwa amekaa kwa kile kiti chake ndio ale. Halafu hapo mwanzo wa miaka ya tisini serikali ikafungua milango, Benki ya Dunia na IMF walikuwa wamekaza, misaada ilikuwa imesimamishwa mwisho wa 1991, wakataka bidhaa za nje ziingie bila kizuizi, na mitumba ambayo zamani ilikuwa inaingia kidogo ikaanza kuja kwa makontena. Viwanda vikaanza kulala. Kicomi kule Kisumu ikalala. Rivatex ya Eldoret, Bonde la Ufa kwake kabisa, nayo ikalala, na ona maajabu, walioifufua baadaye ni Chuo Kikuu cha Moi. Kwa hivyo ukiniuliza, si mtu mmoja aliamka akaamua kuua viwanda, mashine zingine zilikuwa zimezeeka na wezi walikuwa ndani pia. Lakini Goldenberg, ule wizi wa mabilioni ya serikali kwa dhahabu hewa, haikuletwa na Benki ya Dunia, hiyo ilipikwa hapa hapa. Na uchaguzi wa 1992 pesa zilichapishwa mpaka noti ya mia tano watu wakaiita Jirongo, jina la yule kijana wa kampeni za Moi, mwaka uliofuata shilingi ikaanguka, mshahara wa mzee ukawa wa kununua unga na mafuta taa basi.

1994 wakampa barua. Miaka 19 kwa hiyo kampuni, barua ya karatasi moja na bahasha ya kaki.

Sasa hii sehemu sidhani nimewahi kukuambia vizuri kwa sababu tulikuwa watoto na kulikuwa na aibu. Mathe alichukua sehemu ya zile pesa mzee alilipwa, wakachanga akina mama watatu, wakanunua bale moja ya mitumba soko la Gikomba wakagawana. Mashati ya wanaume. Siku ya kufungua alileta fungu lake nyumbani usiku kupanga, kamera, yaani zile safi, upande huu, fagia, zile za mwisho za bei ya chini, upande ule, na mzee amekaa hapo kwa kiti. Akachukua shati moja. Akageuza kola akaangalia mshono, akavuta uzi mmoja akauweka kwa meno, akasugua kitambaa na kidole gumba muda mrefu hivi, mimi nilikuwa nafanya homuweki kwa ile meza nikaacha. Akasema, hii ni pamba na polista, sisi yetu ilikuwa nzito kushinda hii. Akairudisha. Hakuirudisha kwa kamera, aliiweka kwa fagia, na mathe akaitoa tena polepole bila kusema kitu akairudisha mahali pake.

Ile fii yangu ya fomu wani ilitoka kwa hayo mashati. Na ya bro. Mathe ameuza Gikomba tangu hapo, moto umemchomea stoo mara mbili akaanza tena. Kwa hivyo mathe akisikia Moi anaona ule mlango uliofunguliwa, anasema bila ile mitumba mngekula nini. Mzee akisikia Moi anaona mlango ule ule. Na wote wawili hawadanganyi, hiyo ndio inaniudhi, ningependa mmoja awe anadanganya nimshike.

Wale wachambuzi wa redioni hupenda kusema mambo ya Moi ni kabila, nani alikula na nani alinyimwa. Sikatai, watu walifukuzwa mashamba kule Bonde la Ufa 1992 na sio mchezo. Lakini kwetu ni kabila moja na kitanda kimoja. 2020 Moi alipokufa, mwili wake ukiwa Bunge, mathe alipanga laini na jua lile, akarudi miguu imefura. Mzee siku hiyo alitengeneza mlango wa choo ambao haukuwa umeharibika.

Na usifikirie mzee ni mtu wa chuki. Saba Saba 1990, yale maandamano ya kudai vyama vingi, ilikuwa Jumamosi, alitoka kazi nusu siku akaenda Kamukunji, akarudi macho mekundu kama pilipili, leso imelowa maji, na matatu nje zinapiga honi vidole viwili juu. Hiyo alikuwa anaisimulia akijisikia. Lakini 30 Desemba 2002 alienda Uhuru Park kumuona Moi akitoka, umati unaimba yote yawezekana bila Moi, na watu wakamrushia Moi matope. Mzee akarudi mapema. Mathe akamuuliza kwani mmemaliza, akasema mtu mzima harushiwi matope, akaingia kulala. Ni mara moja tu nimewahi kuona wanakubaliana juu ya hiyo kitu, na hawakuongea.

Basi hiyo siku ya miti nikawa naaga. Mathe alikuwa amekaa mlangoni penye mwanga anageuza kola ya shati ya mzee, lile la bluu, unalijua, kitambaa cha kampuni walichouziwa bei ya wafanyakazi, analo mpaka leo na lingine la kaki. Kola imeisha upande huu ameshaigeuza, sasa anatoa kipande kwa mkia wa shati ndio apate kola mpya. Nikamwambia mathe si umtolee moja ya kamera, wewe unafungua bale kila wiki. Akaniangalia kama mimi ndio mjinga. Akasema nilimpa 1995, alivaa siku moja kanisani akawashwa mwili mzima. Halafu akauma uzi.

Sasa, ile pesa ya dadako nitampelekea Jumapili. Na ukipata mtu anakuja krismasi, nitumie uzi mzuri wa pamba, rangi ya bluu, ule wa hapa unakatika.

Wako wa Maringo.