Harambee ya Huduma Shufaa: Mashine Moja, Nyumba Mbili

Ndugu wapendwa,

Tunawaandikia kwa haya, maana hata shukrani za paa la ukumbi hatujazimaliza. Ila jambo hili halingoji. Tuna mashine moja tu ya kufyonza mate, na wagonjwa wawili wa ugonjwa wa neva za misuli (MND), unaoua neva zinazoendesha misuli. Mashine ikilala kwa mmoja, mwenzake hukesha ameketishwa, mkewe akimfuta mdomo kwa kitambaa, kwani akilazwa chali mate humpalia. Kumeza kumemshinda, kusema pia. Akili yake ni timamu. Anasikia yote tunayoyasema tukienda kumwona, hata yale ambayo tungenyamaza tu.

Wapo waliotuuliza pembeni: ugonjwa hauponi, fedha za nini? Kweli hauponi. Riluzole, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, huongeza miezi michache tu. Kwa hiyo huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, ndiyo tiba kubwa aliyobakiwa nayo. Muuguzi wa shufaa hupunguza mate kwa dawa, hutuliza pumzi inayobana kwa mofini kidogo (ikipimwa vyema haiharakishi kifo, tuache uvumi huo), na humwonyesha mke namna ya kumgeuza mumewe bila kuumia mgongo. Wala muuguzi asingojwe hadi siku za mwisho. Mrija wa chakula wa tumboni huwekwa kabla pumzi haijadhoofika mno, na sauti hurekodiwa ingali ipo, ili baadaye kifaa kimsemee kwa sauti yake. Kwa huyu ndugu yetu tulichelewa kwa sauti. Wa pili bado anaongea.

Na anayedhani shufaa ni ya saratani peke yake, St Christopher's Hospice, nyumba ya huduma shufaa ya London aliyoianzisha daktari Cicely Saunders mwaka 1967, imewahudumia wagonjwa wa ugonjwa huu tangu zamani.

Tunahitaji mashine ya pili ya kufyonza, mashine ya barakoa ya kusaidia kupumua usiku, betri ya akiba umeme ukikatika, na nauli ya muuguzi. Bei anazo mweka hazina. Kila mchango utapewa risiti na hesabu itasomwa hadharani.

Paa mlilichangia bila kuombwa mara mbili, Mungu awazidishie. Lakini paa lilivuja juu ya vichwa vyetu sote. Huyu anateseka chumbani, hatumwoni.

Asiye na fedha aandikishe jina kwa katibu kwa zamu ya kukesha. Jumanne na Alhamisi bado hazina mtu.