Hiari ya mama, kwa masharti ya nani?

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa ufeministi na uamuzi binafsi. Hoja inayorudiwa sana ni kwamba mwanamke akiacha kazi alee watoto, ameamua mwenyewe, basi wanaharakati wamwache. Uamuzi ni wake kweli, na anayembeza mama wa nyumbani kwa jina la ukombozi anamkosea. Lakini kumheshimu aliyeamua hakutuzuii kuyachunguza mazingira aliyoamulia.

Nchini Ufaransa, ni sheria ya mwaka 1965 iliyomruhusu mke kufanya kazi na kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mumewe. Ireland nako, hadi mwaka 1973 mtumishi wa umma wa kike akiolewa alilazimika kuacha kazi. Bila shaka wapo waliokaa nyumbani miaka hiyo kwa moyo mweupe. Kuridhika kwao hakukuifanya sheria iwe ya haki.

Siku hizi kizuizi hakiandikwi waziwazi namna hiyo, kimejificha kwenye hesabu. Tuseme mume analipwa sehemu 5 na mke 4, na malezi ya mtoto mchana yanagharimu 3. Wengi huzitoa hizo 3 kwenye mshahara wa mke, wakaona anabakiwa na 1, wakasema kazi yake haina faida. Kosa liko hapo hapo mwanzoni: mtoto ni wa wawili, na gharama ni theluthi ya 9 wanazopata wote. Kisha hesabu hiyo hukomea mwezi huu. Akikaa nje ya kazi miaka 3, michango 36 ya pensheni haijaingia, nyongeza za mshahara zimempita, na aliyeajiriwa naye siku moja ameshapanda cheo. Mtoto akianza shule gharama ya malezi itashuka, ila mshahara wa mama hautarudi wenyewe pale ungekuwa. Ikija talaka au kifo, ndipo pengo hilo huonekana lote kwa mara moja, na wakati huo hakuna wa kumfidia.

Norway inatuonyesha jinsi hiari inavyofuata masharti. Baba aliruhusiwa kugawana likizo ya malezi na mama tangu zamani, lakini walioichukua walikuwa wachache mno. Mwaka 1993 wiki 4 zikatengwa kwa ajili ya baba peke yake, asipozitumia zinapotea. Katika miaka michache tu akina baba walio wengi wakawa wanazichukua. Kabla ya hapo baba alionekana anamnyang'anya mama wiki zake, na bosi aliweza kumuuliza kwa nini mkewe asikae. Wiki zilipokuwa zake kisheria, swali hilo likakosa mashiko.

Kwa hiyo sera ya likizo isomwe kwa makini. Ikiandikwa "ya wazazi" bila kutenga fungu la kila mmoja, kwa kawaida itaishia kwa mama. Hata fungu likitengwa, malipo yakiwa madogo, mwenye mshahara mkubwa hataondoka kazini, na mara nyingi huyo ndiye baba. Fungu lisilohamishika na malipo yanayokaribia mshahara lazima viende pamoja.

Hata kwa wanandoa wote wawili walioajiriwa, mzigo wa nyumbani haujasawazishwa. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hutumia wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku katika kazi za utunzaji zisizolipwa, wanaume saa 1 na dakika 23. Sidhani kama kuna anayeweza kuliita pengo hilo la saa 3 kila siku tabia ya kuzaliwa. Na anayetaka kulipunguza nyumbani kwake asianze na "kusaidia". Achukue kazi nzima, kwa mfano kliniki ya mtoto: kukumbuka tarehe, kuomba ruhusa kazini, kumpeleka, kununua dawa na kuhakikisha zinamezwa. Akingoja kuagizwa, kazi ya kufikiri imebaki kwa mke.

Na mke akiwa ameridhika kabisa kukaa nyumbani, michango ya pensheni iendelee kulipwa kwa jina lake kila mwezi kutoka mapato ya mume, na hati ya nyumba iwe na majina yote mawili. Hayo yaandikwe kabla hajapeleka barua ya kuacha kazi.

Msomaji wako