Kwa sahibu yangu ambaye udongo wake umekauka

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika kidogo. Unasema kurudi masomoni ulikokuota tangu ujanani hakuwezekani tena, kwa kuwa umetimiza miaka 45: "Udongo uwahi ungali maji, ndugu yangu, na wangu umeshakauka."

Methali tamu, lakini udongo una mfinyanzi. Wako ni nani?

Unajua udhanaishi wangu, ile falsafa isemayo mtu hujiumba kwa anayoyachagua, siuachi mlangoni, basi nivumilie. Sartre, yule mwanafalsafa Mfaransa, katika mhadhara wake wa Paris mwezi Oktoba 1945, alisema kisu hufikiriwa kwanza na fundi, ndipo kikatengenezwa. Binadamu ni kinyume chake: anakuwapo kwanza, halafu anajifanya mtu wa namna fulani kwa anayoyatenda. Hakuna umri aliotaja kuwa ndipo kazi hiyo inapokoma.

Ila katika suala la umri Sartre simwamini sana. Katika maandishi yake ya miaka ile uhuru unaonekana kama ni ule ule kwa kila mtu. Simone de Beauvoir, mwanafalsafa mwenzake, alitazama kwa makini zaidi. Mwaka 1947 aliandika kwamba mtoto huikuta dunia imeshapangwa. Amri za wakubwa kwake ni kama milima, zipo tu, na kwa kuwa hakuziweka yeye, anacheza bila wasiwasi. Ujana ndio unaoharibu starehe hiyo. Kijana anagundua kwamba wakubwa nao hubahatisha. Unakumbuka mwaka ule ulipomfuma mzazi wako akisema uongo, ukanuna miezi? Ulifikiri umepoteza heshima kwake, kumbe ulikuwa umeonjeshwa uhuru, na ulikuwa mchungu.

Wengi wetu tukishauonja tunautema. Tunatafuta kazi, ndoa au cheo kitakachotuambia tena sisi ni nani. Sartre ana mfano wa mhudumu wa mkahawa anayeigiza uhudumu kwa bidii hadi kila hatua yake inazidi kipimo. Nilimkumbuka siku ile mkeo alipokupigia simu ukaitika kwa cheo chako cha ofisini. (Alinisimulia yeye mwenyewe, usimgombeze.)

Sikwambii kwamba miaka si kitu. Beauvoir huyo huyo, akiwa na miaka 62, alitoa kitabu kinene juu ya uzee, na hakuupamba: mwili unachoka, kipato kinapungua, watu wanaacha kukusikiliza. Lililonikaa moyoni ni kwamba uzee hutufikia kupitia macho ya wengine. Ndani hujioni mzee, ila siku moja mtu anainuka akuachie kiti. Je, wewe nani amekuinukia? Nashuku umejipisha mwenyewe.

Halafu yupo Kierkegaard, Mdenmark, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa fikra hizi. Naye alizungumzia hatua za maisha: ya kufuata raha, ya kubeba wajibu, na ya imani. Lakini hakuzifunga kwenye miaka. Mtu anaweza kuzeeka akiwa bado katika ile ya kwanza, kwa sababu kutoka hatua moja kwenda nyingine hakuji kwa kukua kama meno ya mtoto. Sharti uchague, uruke. Alifariki mwaka 1855 akiwa na miaka 42. Ungekuwa kaka yake mkubwa.

Kuhusu masomo, sikusukumi. Ada ni nyingi, watoto bado wanakutegemea, na huenda kubaki kazini ndiko kunakokufaa. Ukibaki, niandikie kwamba umeamua kubaki, na sababu zako unipe. Nitazikubali hata zikiwa za woga, mradi ziwe zako. Ile ya umri nakurudishia pamoja na barua hii.

Msalimie shemeji.

Ni mimi, mbishi wako wa siku zote.