Jumamosi kwa Mwalimu: naomba majibu

Assalaam aleikum ndugu zangu maskauti,

Jumamosi hii, 22 Februari, siku aliyozaliwa Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, tunakwenda kwa Mwalimu wetu, Ng'ambo, mjini Unguja, saa 10 jioni. Nimeona tuwahi kabla Ramadhani haijaingia.

Kwa wadogo wasiomjua vizuri: alivaa skafu ya uskauti tangu mtoto, enzi ya Sultani, na usiku akijibanza dirishani kuwasikiliza Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha tangu 1905. Yalipokuja Mapinduzi ya Januari 1964, uskauti ukapigwa marufuku, ikawa hawezi kuivaa tena. Aliikunja akaiweka ndani ya sanduku la fidla, chini ya kitambaa cha kufutia upinde, na taarabu akaendelea kupiga. Wiki iliyopita alinifungulia. Rangi imepauka, mikunjo ni ile ile. Nilishindwa kusema kitu.

Sasa haya:

1. Mchango ni shilingi 10,000 kila mmoja, mwisho Jumatano usiku. Ni wa nyuzi mpya za fidla, kahawa na halua.
2. Njooni na skafu shingoni. Na yeye atavaa yake.
3. Wenye udi na dumbaki wafike saa 9, tupatanishe sauti.

Mkono wake wa kushoto unamuuma siku hizi. Salamu yetu ya kiskauti, ya mkono wa kushoto, mpeni kama kawaida, ila msiukaze.

Tafadhali kila mtu aandike hapa "nakuja" au "siji", na idadi ya atakaokuja nao, kabla ya Jumatano. Mama mwenye nyumba, kwa Mwalimu, anataka kujua vikombe vingapi.